Maelewano Yapo

Tangazo lile lilikuwa na urefu wa sekunde arobaini na moja. Mama Mapazia alikuwa na hakika, kwa sababu siku lilipotengenezwa yeye na binti yake walilirekodi mara tisa, na kila mara kioo kidogo cha kiredio kiliwaonyesha muda. Mara ya kwanza binti alicheka katikati. Mara ya pili pikipiki ilipita. Mara ya tano Fundi Pindo, anayeshona kwenye baraza ya duka lao, alipiga chafya iliyosikika vizuri kuliko maneno yenyewe. Mara ya tisa likatoka safi. Ndiyo maana asubuhi ile, alipochomeka waya wa spika, akabonyeza kitufe na kukuta kioo kimeandika arobaini na tatu, alikiinua kiredio karibu na macho, akakifuta kwa ncha ya mtandio, akaangalia tena.

"Kasuku," aliita, "umekigusa hiki kidude?"

"Sijakigusa, mama. Kwani kimefanyaje?"

"Kimeongeza sekunde mbili."

"Kinazeeka hicho. Hata watu wakizeeka wanarefusha maneno."

"Mtazame! Hebu nipishe, mteja huyo anaingia."

Kasuku lilikuwa jina la utani alilopewa na marehemu baba yake akiwa na miaka mitatu, na sasa ana kumi na tisa na bado linamfaa. Mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza na wateja, na majirani, na futi ya kupimia, na mapazia yenyewe. Kiredio kilikuwa chake: kicheza muziki kidogo kinachoenea kiganjani, chenye vitufe vinne na taa nyekundu inayowaka wakati wa kurekodi. Alikuwa akikitumia kusikilizia nyimbo, mpaka mama yake alipochoshwa na muuza magodoro wa upande wa pili, ambaye spika yake ilinguruma kutwa nzima kwa sauti nzito ya kiume na kuvuta wateja wote ng'ambo ile. Mama Mapazia si mtu wa kushindwa na godoro.

Basi Kasuku akasema, na kiredio kikashika: "Karibu, karibu ndani! Mapazia ya kila rangi, mazito na mepesi! Ingia, usiogope, hapa hakatazwi mtu! Shika, pima, chagua unachokipenda! Kikikupendeza ni chako, chukua!" Na mengine ya namna hiyo, hadi sekunde ya arobaini na moja, kisha linarudi mwanzo. Bei hawakuitaja, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Bei za mapazia hubadilika kila mzigo mpya unapofika, na hakuna aliyekuwa tayari kurudia kazi ile mara nyingine tisa kwa ajili ya tarakimu moja.

Kosa la pili lilikuwa la adhuhuri. Jua likiwa kali maduka ya mtaa ule hufungwa kwa saa moja na nusu, watu wapate kula na kujinyoosha. Mama Mapazia alifunga mlango wa mbele, lakini spika akaiingiza ndani na kuiacha ikisema. Alikuwa na imani yake, aliyoitoa wapi hakuna ajuaye, kwamba duka likinyamaza linapoa, na likishapoa halipati moto tena siku hiyo. Kwa hiyo kila mchana, katika chumba kile kirefu, chembamba, kisicho na dirisha, chenye safu mbili za mapazia kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, sauti changamfu ya msichana ilikaribisha giza tupu, mara zaidi ya mia, bila mtu yeyote wa kukaribishwa.

Kasuku ndiye aliyezisikiliza zile sekunde mbili. Aliweka spika za masikioni wakati wa chakula, akakunja uso, akampa mama yake moja.

"Sikiliza mwisho. Baada ya 'chukua'."

Mama alisikiliza. Kulikuwa na pumzi, kisha mtu akasema taratibu, kwa adabu kubwa: "Asante."

"Mpita njia huyo."

"Mama, ile ya tisa tulirekodi chumbani, mlango umefungwa. Na mbona jana hakuwepo?"

"Basi ni shetani," alisema Mama Mapazia kwa kumtania, akameza tonge lake. Alikuja kulijutia neno hilo, lakini siku ile lilimchekesha.

Siku ya tatu kioo kiliandika arobaini na saba. Sasa yule mtu alisema: "Asante. Nimeingia." Siku ya tano ikawa dakika nzima, na baada ya maneno yale zilisikika pete za pazia zikisukumwa kwenye fimbo ya chuma, moja moja, kama mteja anayetazama bila haraka. Sauti hiyo Mama Mapazia aliifahamu kuliko sauti ya moyo wake. Aliweza hata kutambua ni fimbo ipi. Ilikuwa ya pili kutoka mlangoni. Kesho yake ilikuwa ya tatu.

Ukweli lazima usemwe: aliogopa, na hakufanya kitu. Duka lilikuwa limejaa. Watu waliopita miaka mingi bila kutupa jicho sasa walisimama katikati ya njia, wakasikiliza ile sauti na kuingia, na walipoulizwa wanataka nini walibabaika kidogo, kana kwamba wameamshwa. Muuza magodoro alitoka mara mbili kuja kuchungulia. Mama Mapazia alikuwa amelitamani jambo hilo tangu mumewe afariki, miaka sita nyuma, akimwachia fimbo za chuma, futi ya kupimia, na kumbukumbu ya tabia yake ya kuuliza kutoka mlangoni, "Mama, umeshafunga?" hata akiwa anauona kabisa mlango umefungwa.

"Tulifute, mama," Kasuku alimwomba. "Turekodi jingine. Sasa hivi."

"Wiki hii iishe kwanza."

"Kuna harufu huku nyuma. Hujaisikia?"

Alikuwa ameisikia. Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, na hakuna aliyepiga pasi humo. Kila siku ilisogea fimbo moja kuelekea ukuta wa nyuma, kuelekea kwenye pazia la mwisho, na nyuma ya pazia hilo ndipo ulipo mlango wa chumba wanacholala.

"Wiki iishe," alisema tena.

Haikuisha. Ijumaa, Kasuku alikuwa akimhudumia bwana mmoja aliyetaka pazia la sebuleni, na kama kawaida yake alikuwa akimpa na historia ya kitambaa. "Hili ukilifua kwa maji baridi halichuji," alisema, "hata jua likiligonga miaka mi—" na hapo maneno yakakatika. Midomo yake iliendelea. Mikono yake iliendelea kulikunjua pazia. Na nje, kwenye baraza, spika iliyokuwa katikati ya tangazo ikaliacha tangazo, ikasema kwa sauti ya Kasuku, wazi na karibu sana: "—tano, bado litakuwa vile vile, shika uone mwenyewe."

Yule bwana aliangalia mdomo wa msichana, akaangalia mlango, akaweka pazia chini polepole na kutoka bila kuaga.

Mama Mapazia alikimbilia kiredio. Kwenye kioo hapakuwa na muda tena, ni vistari viwili tu vilivyopepesa. Na kutoka kwenye spika, baada ya sauti ya binti yake, ile sauti yenye adabu ikasema: "Nimechagua."

Alibonyeza kitufe cha kuzima. Nyuma yake kitu kizito kilianguka, na alipogeuka alimkuta Kasuku sakafuni kati ya mapazia, ameshika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kifua kinapanda bila kupata hewa, na miguu inapiga sakafu kwa namna ambayo mama yeyote akiiona mara moja hataisahau maisha yake yote, naye akapiga kelele, akabonyeza kitufe kile kile tena na tena hadi kioo kikawaka, na mara kilipowaka msichana alivuta pumzi ndefu na kulia. Alilia bila sauti. Kilio chake kilitokea barazani, kwenye spika, mtaa mzima ukikisikia.

Tangu saa ile kiredio hakikuzimwa. Kilikaa kwenye waya wa umeme usiku na mchana, na umeme ulipokatika Fundi Pindo alikimbia na betri ya pikipiki yake, akakiunganisha. Mama na binti hawakuthubutu kukiacha peke yake wala kukibeba mbali. Mama alilala ameketi, mkono juu yake. Kasuku aliandika kwenye karatasi: *Nipo humo ndani. Ni kama kusimama nyuma ya pazia.* Kisha akaichana.

"Hapa anatakiwa Mama wa Pasi," alisema Fundi Pindo siku ya tatu. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hizo mzaha ulikuwa umemkauka. "Yule wa kona, anayepiga pasi nguo za watu. Shemeji yangu alikuwa anasikia vishindo darini, akaja akaongea navyo kama karani, vikaisha."

Mama wa Pasi alikuja adhuhuri, na pasi yake ya mkaa mkononi kwa kuwa hakutaka ipoe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka. Hakuchoma kitu wala hakuimba. Alitembea katikati ya mapazia akinusa, akafika ukuta wa nyuma, akarudi, akasimama mbele ya kiredio.

"Nisikilizisheni tangazo," alisema. Fundi Pindo alieleza alivyoweza, kwani tangazo lenyewe halikuwepo tena. Kasuku akaliandika lote kwenye karatasi, neno kwa neno. Mama wa Pasi alilisoma mara mbili.

"Mlimwambia bei?"

Mama Mapazia alimtazama binti yake.

"Nauliza, mlimwambia bei?"

"Zinabadilika," alisema Mama Mapazia kwa sauti ndogo.

"Dada yangu. Umemwita aingie, ukamwambia asiogope, ukamwambia achague, ukamwambia kikimpendeza ni chake. Mara ngapi? Mara elfu ngapi? Kwenye chumba kitupu, mlango umefungwa, saa ambayo watu hawapo na wao wapo." Alitikisa kichwa. "Huyu si mwizi. Laiti angekuwa mwizi ningemtoa sasa hivi kwa hii pasi. Huyu ni mteja."

"Na sauti ya mwanangu?"

"Ndiyo bidhaa aliyoipenda. Bado hajaondoka nayo, kuna uzi kati ya koo lake na hiki kidude, ndiyo maana mkizima anakabwa. Uzi ukiwepo, biashara haijafungwa." Alimtazama Kasuku kwa huruma, kisha akamgeukia mama. "Sauti zenu zinafanana?"

Zilifanana mno. Kwenye simu hata marehemu alikuwa akizichanganya.

"Basi wewe utasema badala yake. Rekodi hapo hapo, juu ya lile lile. Mtajie bei. Lakini mtajie bei asiyoweza kuilipa. Wale ni wa moto, hawana jasho. Mwambie anataka sauti hii, alete kikombe cha jasho la uso wake. Atasimama, atafikiri, atarudisha. Sema hilo tu, kisha zima kurekodi. Umenielewa? Hilo tu."

Mama Mapazia alifunga macho, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Harufu ya kitambaa kilichoungua ilijaa chumba mpaka Fundi Pindo akaziba pua, na pete za pazia, fimbo zote kwa pamoja, zikalia kidogo na kutulia, kama watu wanaonyamaza ili wasikie.

"Sauti unayoitaka inauzwa," alisema Mama Mapazia. Alisema vizuri. Miaka ishirini na mbili ya kusimama nyuma ya meza ile ilikuwa ndani ya sauti yake. "Bei yake ni kikombe kimoja cha jasho la uso wako. Si pungufu."

Na kwa kuwa alikuwa amesema maneno ya bei maelfu ya mara, na kila mara ulimi wake ulimalizia kwa namna moja, kabla mkono haujafika kwenye kitufe ulimi ukamalizia: "Maelewano yapo."

Taa ikazimika. Mama wa Pasi aliiweka pasi yake chini kwa uangalifu, akajifunika uso kwa viganja.

"Ungeishia pale," alisema ndani ya viganja. "Mama we, ungeishia pale pale."

"Imenitoka! Jamani, imenitoka tu! Nirudie. Narudia sasa hivi!"

"Ungekuwa wewe ndiye mteja, umeambiwa maelewano yapo, halafu muuzaji akageuka akasema hapana, ungekubali?"

Mama Mapazia aliondoa mkono kwenye kitufe. Asingekubali. Angemfuata muuzaji huyo hadi nyumbani kwake.

"Mama," alisema Kasuku.

Wote waligeuka. Msichana alikuwa ameshika shingo yake, macho yamejaa machozi. "Mama, imerudi," alisema, na ilitoka kinywani mwake, ikiwa na mkwaruzo kidogo lakini ni yake, na mama yake akamkumbatia akimwita kwa kila jina la mapenzi alilowahi kumwita tangu azaliwe. Kasuku akacheka, akalia, akamwambia Fundi Pindo kwamba kwa siku tatu alikuwa amemwekea matusi mengi ya kumtolea. Akakimbilia barazani kuuita mtaa mzima. Alipovuka kizingiti, neno lilikatika. Alirudi hatua moja nyuma, likaendelea.

Mama wa Pasi ndiye aliyeeleza, na hakufurahia kueleza. Bidhaa ikiwa inazungumziwa bei, alisema, inarudishwa juu ya meza. Si ya muuzaji, si ya mnunuzi, lakini haitoki dukani. Ndani ya kuta hizi nne Kasuku atazungumza. Nje yake, hapana. Kiredio kisizimwe. Na huyo mteja atakuja kila adhuhuri kuendelea na maelewano.

"Mkatalie. Kila atakachotoa, kataa. Mkibishana miaka hamsini, binti yako anazungumza miaka hamsini. Ila kuna yale maneno ya mwisho, wewe unayajua kuliko mimi, yale ya kumwachia mteja mzigo."

"Haya—" alianza Fundi Pindo.

"Funga mdomo wako!" Mama wa Pasi alimkazia macho. "Ya kwako hayana uzito, duka si lako, lakini funga tu. Mama, siku utakayoyatamka maneno hayo ndani ya chumba hiki, hata kama unampa mtu kipande cha uzi, yeye atayaokota na kuyafanya yake. Hajali yamesemwa kwa nani. Anasubiri kuyasikia tu."

Hivyo ndivyo maisha yao yalivyokuwa kwa miezi minane. Adhuhuri, mlango ukishafungwa, taa nyekundu iliwaka yenyewe, ile harufu ikaja, na sauti yenye adabu ikasalimia. Haikutisha wala kukaripia. Ilitoa kikombe cha machozi badala ya jasho. Mama Mapazia akakataa. Ikatoa ukungu wa asubuhi, miaka kumi ya mauzo, usingizi wa muuza magodoro. Alikataa vyote. "Sina haraka, mama," ilisema kila ilipoaga, na maneno hayo ndiyo yaliyomtoa jasho yeye mwenyewe.

Siku moja, mwezi wa nne, haikutoa kitu. Pete za fimbo ya kwanza zililia, na kutoka pale mlangoni, si kwenye spika bali mlangoni kabisa, sauti aliyokuwa hajaisikia kwa miaka sita ikauliza, kwa uchovu na upole wa mtu aliyetoka kazini: "Mama, umeshafunga?"

Mama Mapazia alisimama. Hakujua kwamba amesimama. Alikuwa ameshafika katikati ya chumba, mapazia yakimgusa mabega huku na huku, akitembea kuelekea mlango ule uliofungwa, nyuma yake sauti yenye adabu ikisema, "Hii nayo nitakupa uwe nayo, kila siku, usiku ukilala itakuwa sikioni mwako, nami nichukue ile tu niliyoichagua, ambayo nayo siku moja ingeolewa ikuache," na midomo yake ilikuwa imeshaanza kufunguka, alipohisi mikono ya Kasuku ikimziba mdomo kwa nguvu hadi meno yakauma midomo. Walikaa hivyo sakafuni hadi jioni, na Fundi Pindo aliyefungua mlango kuuliza kulikoni aliondoka bila kuuliza.

Baada ya hapo Mama Mapazia aliogopa ulimi wake mwenyewe. Kwa wateja alipunguza maneno hadi yakabaki ndiyo na hapana. Bei ikikubaliwa alitikisa kichwa, akafunga mzigo na kuusukuma mezani. Watu wakasema ameota kiburi kwa sababu ya mauzo. Yeye aliyekuwa bingwa wa kubishana mtaa mzima, ambaye watu walikuja kununua nusu kwa ajili ya pazia na nusu kwa ajili ya maneno yake, alikaa nyuma ya meza kimya kama mgonjwa, na iliuma. Kasuku alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Marafiki zake walimfuata mlangoni, wao wakisimama barazani na yeye ndani ya kizingiti, wakasimuliana habari za huko nje ambako hakwenda, kwani kwenda bila sauti alikataa katakata.

"Nitazeekea humu, mama," alisema siku moja, akikunja pazia. Hakusema kwa kulalamika.

"Bora uzeeke unaongea."

Mwalimu alikuja siku ya Jumatano, asubuhi, mtaa umechangamka. Alikuwa mteja wa tangu enzi za marehemu, mama mwenye miwani na mkoba mkubwa, na kununua pazia bila ugomvi kwake ilikuwa aibu. Alichagua la kijani, akaulizia bei, akaambiwa, akashika kiuno.

"Mama Mapazia! Mimi nataka kufunika dirisha, sitaki kununua nyumba."

Mama Mapazia alitabasamu bila kutaka. Alitikisa kichwa kukataa.

"Ah, siku hizi unatikisa kichwa? Nimesikia umekuwa bubu. Basi nakwenda kwa muuza magodoro, nitundike godoro dirishani."

"Litakufaa," ilimtoka. "Angalau majirani hawatasikia unavyofokea wajukuu."

Kasuku aliacha kukunja, akaangua kicheko. Mwalimu alipiga meza kwa furaha. "Huyo ndiye ninayemfahamu! Kumbe yupo! Punguza basi."

"Nikipunguza nitakula nini, pete za pazia?"

"Una afya wewe, pete hazitakudhuru."

Waliendelea. Mwalimu alitoka mpaka barazani kwa hasira za uongo, akarudi. Mama Mapazia alilitundika pazia lile upya kana kwamba haliuzwi tena, akalitundua. Damu ilikuwa imemrudi usoni. Miezi minane ilidondoka mabegani mwake, akawa yule wa zamani, mjanja, mwenye ulimi, na Kasuku nyuma yake alikuwa akichochea moto pande zote mbili, akisema, "Mwalimu usikubali! Mama usimsikilize, juzi nimemwona na mkoba mpya, na ule mkoba—"

Mwalimu alitaja bei yake ya mwisho. Ilikuwa bei nzuri. Ilikuwa hasa ile ambayo Mama Mapazia alikuwa akiivizia tangu mwanzo, na alipoipata alifanya alichofanya kila mara tangu akiwa mwanamwali: alishusha pumzi, akatupa mikono juu kama mtu aliyeshindwa, akalisukuma pazia kwa kicheko.

"Haya," alisema, "chukua."

Kwenye meza, taa nyekundu iliwaka. Haikuwa adhuhuri.

"Asante sana, mama," ilisema sauti yenye adabu, kisha kioo cha kiredio kikawa cheusi.

Alijua kabla hajageuka. Kasuku alikuwa amesimama na pazia nusu limekunjwa, mdomo wazi kwenye lile neno la mkoba. Hakukabwa safari hii. Alipumua vizuri tu, kifua kikipanda na kushuka. Uzi ulikuwa umeshakatwa. Harufu ya kuungua ilipita katikati yao, ikatoka mlangoni.

Na nje ikasikika. "Karibu, karibu ndani!" ilisema, changamfu, kwenye spika ya muuza magodoro. Mama Mapazia alikimbia barazani, akampita Fundi Pindo na cherehani yake. "Ingia, usiogope!" ilisema kwenye spika ya duka la viatu, nyumba mbili mbele. Alikimbia. "Shika, pima," ilisema huko kona, kisha ikavuka barabara, ikawa kwenye redio ya gari lililokuwa likiondoka, na yeye akalifuata gari akipiga kiganja kwenye bati lake, akipiga kelele kwamba haiuzwi, kwamba ilikuwa mzaha, kwamba alikuwa akizungumza na Mwalimu, hadi gari likakata kona na mtaa ukabaki na kelele zake za kawaida.

Aliporudi, Mwalimu alikuwa bado amesimama mbele ya meza, pazia la kijani kwapani, akimtazama msichana.

"Nimesema kitu kibaya?" aliuliza. "Mbona mtoto hanijibu?"